Chupa Iliyojaa Pomoni

Saa tatu kamili asubuhi. Mhudumu wa zahanati anaegemeza ufagio ukutani, anavuka uwanja na kuinamia kopo la chuma lililozungushiwa waya. Anatoa chupa iliyo ndani, anainyanyua usawa wa macho, kisha anaandika daftarini: milimita nne.

"Mama Kipimo, nianike nisianike?" wifi yake anauliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Anika. Ila shuka zangu usizichanganye na zako."

Wifi anacheka. Yeye anafunga daftari.

Kwa miaka kumi na tisa amesoma kipimo hiki cha mvua kila siku. Usiku wa tufani, miaka mitatu iliyopita, alitakiwa kutoka mara kadhaa, apime, amwage, arudishe chupa. Mabati yalikuwa yanaruka, akajifungia ndani. Asubuhi aliikuta chupa imejaa pomoni, maji yanachuruzika pembeni. Chupa hubeba milimita mia mbili. Akaandika mia mbili, bila neno la ziada.

"Nilijua zilikuwa zaidi," anamwambia mwandishi wa gazeti aliyemtembelea. "Niliona haya kuandika kwamba sikutoka."

Ofisi ya hali ya hewa ilimpa cheti cha pongezi. Wahandisi waliichukua namba yake, wakajenga kwenye kijito kalavati la kupitisha maji ya kiasi hicho tu.

Mwaka jana ikaja tufani nyingine. Wataalamu wanasema bahari imepata joto, na tufani za sasa humwaga maji mengi kuliko za zamani. Safari hii alitoka, kamba kiunoni, akapima mara tano. Jumla: mia tatu themanini. Kalavati lilizidiwa, maji yakapinda, yakaondoka na vyumba viwili vya wifi yake. Tangu hapo wifi anaishi kwake.

"Kila akinishukuru kwa kumpa pa kulala, natamani ardhi inimeze."

Cheti kiko chini ya godoro.

Wiki iliyopita wahandisi walirudi kunakili daftari, wapange kalavati jipya. Aliwafungulia ukurasa ule mwenyewe. "Hii mia mbili si mvua," akawaambia. "Ni chupa iliyojaa." Mhandisi aliikata namba kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: haijulikani. Hakumkaripia. Anasema afadhali angemkaripia.

Anatumaini kalavati litakuwa pana, wifi ajenge tena. Lakini kuna mtu mmoja bado hajaambiwa.

"Nikimaliza kufagia nitamwambia. Asije akalisoma kwenye gazeti lako. Akitaka kuhama, nitambebea mizigo."

Anachukua ufagio. Uani, wifi anaanika shuka za wote wawili.