Mupini wa Daktari

Daktari wetu anayepasua uti wa mgongo alilalamika kwamba kifaa chake kinateleza glavu zikilowa. Pale karibu na neva, kikiteleza kidogo tu mugonjwa hatembei tena. Mimi ndiye fundi wa vyombo vya hospitali hapa Baraka, nikajigamba: "Daktari, niachie mi. Nitakuchongea mupini mupya."

Kabla ya kuharibu chuma, nilitaka mifano ya kujaribia. Jumamosi nikachukua muhogo mubichi, nikachonga mupini munene na mupini mwembamba, nikaweka nafasi ya kila kidole. Nilijiona injinia kabisa! Ili isikauke, nikailoweka ndani ya sufuria jikoni. Sikumwambia muke wangu kitu. Injinia gani anaeleza mipango yake jikoni?

Kesho yake nikamualika Daktari nyumbani, tule kwanza, kisha nimuonyeshe. Muke wangu, Mama Riziki, akaleta samaki na muhogo. Nikala huku najisifu: "Kuna munene, kuna mwembamba. We utachagua mwenyewe!"

Daktari aliacha kula. Alikuwa anageuza kipande cha muhogo, vidole vyake vimelala ndani yake kimoja kimoja.

"Mama, huu muhogo nani aliuchonga hivi?"

"Ni Baba Riziki," muke wangu akasema kwa furaha. "Niliukuta ameshaumenya na kuuloweka. Mi nikasema, leo bwana amenihurumia!"

Daktari akanigeukia. "Fundi, huu ni munene kidogo kwangu. Ule mwembamba uko wapi?"

Nikaonyesha mudomo wangu kwa kidole. Nilikuwa ningali nautafuna.