Makapi ya Mma Sebina

Mma Sebina, mama wa polisi anayekusanya ushahidi hapa Molepolole, haokoti kitu bila kukisifia kwanza. "Jamani, huyu katuachia mate ya kutosha!" husema kwa furaha, glavu mkononi, kainamia mfupa uliotafunwa na mwizi. Mimi dereva wake, mpaka leo naona kinyaa. Yeye hunicheka tu.

Mwaka wa mavuno mazuri, spika za harusi ziliibwa nyumbani kwa mzee wetu Rra Tiroyaone, wiki mbili kabla hajamwoza bintiye Lesego. Pale zilipokuwa, mwizi alitema makapi ya bua tamu la mtama. Ndivyo tulivyo. Msimu wa mabua ukifika, kinywa hakipumziki, hata kiwe cha mwizi.

Rra Tiroyaone akamvaa bwana harusi. "Kabelo! Jioni nzima ulikuwa uani kwangu ukitafuna na kutema! Simwozi mwanangu kwa mwizi!"

"Baba, mwezi huu nani hatafuni mabua?" Kabelo alikaribia kulia. Lesego alikuwa keshajifungia chumbani, analia kweli.

"Rra, punguza moto," alisema Mma Sebina. Akayaokota makapi kwa kibanio, akayaanika yakakauka, akayatia kwenye mfuko wa karatasi. Nilipompa wa plastiki alinifokea: "Yaoze humo, kesi iende na maji? Una akili wewe?" Kisha akampangusa Kabelo ndani ya shavu kwa pamba. Vyote vikapelekwa maabara.

Majibu yakaja Ijumaa, kesho yake harusi, ng'ombe wa karamu kafungwa pale hajui kama atachinjwa. Vinasaba vya kwenye makapi havikuwa vya Kabelo hata chembe! Vilikuwa vya jamaa wa mji wa jirani aliyewahi kufungwa jela, vinasaba vyake vikabaki kwenye kumbukumbu za polisi, na spika zikakutwa chini ya kitanda chake. Nilipiga honi njia nzima hadi kwa Lesego. Ng'ombe, pole yake.

Jumamosi, mbele ya wageni wote, Rra Tiroyaone alisimama na bua refu. Akalimenya kwa meno, akauma, akamkabidhi Kabelo. Kabelo akauma palepale alipouma mzee.

"Mwanangu, nilikukosea," mzee alisema. Halafu akageuka. "Mma Sebina! Lete pamba yako. Tenganisha mate haya, tuone!"

Mma Sebina alikuwa na nyama tele mdomoni. Akaimeza kwanza.

"Hayo siyagusi, Rra. Hapa hakuna kesi."