Kitatange wa Kanyenye

Mume wangu alipohamishiwa stesheni ya Tabora alinuna msimu mzima. Alizaliwa pwani, na kwake nchi isiyo na bahari ni kosa ambalo ilifaa mtu ashtakiwe kwalo. Mimi ni Mnyamwezi wa Itetemia, hapohapo Tabora. Mama yangu alikuwa hai na shamba lake, na sikuwa na nia ya kwenda kokote. Tuligombana hadi tukachoka. Mwishowe akatoa sharti mbele yangu na kaka yangu: ataleta kitu hai kutoka baharini. Kikiishi Tabora, naye ataishi. Kikifa, anaomba uhamisho, nami nifunge virago.

Kaka akauliza kama anaruhusiwa kuleta papa.

Sanduku la kioo na pampu ya hewa tulirithi kwa mhandisi wa Kizungu aliyerudi kwao baada ya uhuru. Maji ya bahari yalikuja kwa madumu ndani ya behewa la mizigo, na samaki akaja kwenye debe, mume wangu amelipakata tangu Dar es Salaam. Nilitegemea samaki wa maana. Kilichotoka ni kitatange mwenye urefu wa kidole gumba, ubavu wa buluu, mgongo wa rangi ya chungwa, na macho ya mtu aliyekuja kudai. Alikuja na jiwe lililoota tumbawe laini, lile lisilo na mfupa, linalofungua vidole vyake likiridhika na kuvifumba likiudhika. Tumbawe nililipenda palepale. Samaki nilimwona mkorofi, maana hata hajazoea maji alianza kulidonoa.

"Anaonja tu," mume wangu akasema.

"Hata wewe ulipokuja kwetu ulisema hivyohivyo."

Balozi wa nyumba kumi naye akaja kukagua. Alisimama mbele ya kioo, mikono nyuma, akauliza samaki huyu ana mchango gani katika ujenzi wa taifa.

"Hana, ndugu balozi," kaka akamjibu. "Ni kupe. Analishwa bure na bado anamla mwenye nyumba. Mpelekeni kijiji cha ujamaa akalime, na shemeji yangu amshikie jembe."

Kaka alikuwa na haki ya kusema hivyo. Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu hadi baharini, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, hata kuja kuvuruga msiba wako, nawe unatakiwa ucheke. Mume wangu alicheka kwa meno machache.

Kiangazi kikaingia, na kiangazi cha Tabora hukausha hata mate. Maji ya kwenye kioo yalipopungua, mume wangu aliongeza mengine, aliyoyakoroga mwenyewe kwa maji ya bomba na chumvi ya Uvinza. Alijivuna sana. Bahari, alisema, sasa inapikwa mtaani kwetu Kanyenye. Lakini tumbawe likaanza kunywea. Vidole vilijifumba, havikufumbuka tena, na kitatange akajibanza kwenye kona, hata kudonoa kaacha. Mume wangu alimlaumu samaki. Mimi niliogopa. Nilijua tumbawe likioza litamwua na samaki, nami nitamwacha mama yangu peke yake na jembe lake, na nililia waziwazi huku nikipepeta mchele.

Siku mvua ya kwanza iliponyesha, mume wangu akatangaza kwamba tumbawe limekufa, na samaki yuko njiani. Kesho yake angekwenda kuomba uhamisho. Habari ikamfikia kaka. Akaja amejifunga kaniki kichwani, analia kwa sauti ya kukodi, eti kaja kuzika. Akatia kidole kwenye maji, akakilamba, akatema.

"Mchuzi gani huu? Marehemu kauawa na chumvi!"

Kabla hatujamshika akatoka nje, akachota maji ya mvua kwenye pipa lililo chini ya bati, akamimina ndoo nzima ndani ya kioo.

"Tunaosha maiti," akasema.

Mume wangu akachukua tambara, akafuta maji yaliyomwagika. Kukasirika hakuruhusiwi.

Jioni tumbawe lilifungua kidole kimoja, kisha vingine. Ndipo ikatuingia akilini: jua huondoka na maji tu, chumvi hubaki palepale, nasi tulikuwa tukitia chumvi juu ya chumvi. Kitatange akatoka konani, akalisogelea, akalidonoa. Sijawahi kufurahia uchokozi kiasi kile.

Kaka akadai samaki ni wake kwa kuwa yeye ndiye aliyemfufua, na mali iliyotwaliwa na mtani hukombolewa. Mume wangu akaleta jogoo. Kaka akamkataa.

"Sitaki kuku. Nataka usihame, shemeji. Ukiondoka nitamtukana nani?"

Hakuhama. Kitatange alikufa baadaye sana, kwa uzee na ulafi, na hakuna aliyetaja tena uhamisho.

Kaka naye alitutangulia. Kule Itetemia, jeneza lilipokwisha kushushwa, mume wangu, mvi kichwa kizima, aliwasukuma wachimbaji akasimama ukingoni mwa kaburi na ndoo mkononi. Akamimina polepole hadi ikaisha.

"Ni maji ya mvua," akasema. "Msifukie kwanza. Tungoje mpaka jioni."

Watu wakacheka, kama mila inavyotaka. Yeye hakucheka, wala mimi.