Kaka Niliyemfuta kwa Raba

Mkono huu wa kulia bado unaikumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu niliupiga mezani mpaka ukavimba. Ilikuwa saa sita mchana, kwenye dirisha la mapokezi la hospitali moja hapa Geita, na wewe ulikuwa mgongoni mwangu, umelala. Kaka yangu Masanja alikuwa ndani, hajitambui. Alfajiri ile matimba, magogo yanayoshikilia kuta za duara, shimo lao la dhahabu, yalilegea, udongo ukaporomoka, ukamkalia mguu. Daktari alitaka kumpasua haraka ili auokoe, na karatasi ya ridhaa ilitaka saini ya ndugu. Ndugu nilikuwa nimesimama pale tangu saa tatu.

"Wewe ni nani wake?" dada wa dirishani aliniuliza kwa mara ya tatu.

"Dada yake."

"Tumbo moja?"

"Nimesema dada yake."

Akachukua kitambulisho changu, akakiweka kando ya kile cha Masanja, kama mtu anayelinganisha khanga dukani. "Kabula Luhende Maganga. Masanja Shija Maganga. Babu mmoja, baba wawili. Mama, huyu ni binamu yako. Mimi nataka baba, mama, mke au ndugu wa tumbo moja."

Nikamwambia baba yake alishafariki, mke hana, na mama yake alirudi kwao, kijijini upande wa Ushirombo, simu haipatikani. Akacheka. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha mtu aliyechoka. "Wachimbaji bwana! Tangu asubuhi wamekuja kaka zake saba, na hakuna hata wawili wenye sura moja. Siku nyingine kaka wa namna hiyo alisaini hapa hapa, baba mzazi alipofika akatuwakia sisi. Binamu, kakae pale na wenzako."

Binamu.

Ndipo nikaipiga meza. Kalamu zikaruka, wewe ukaamka na kilio chako, na foleni nzima ikageuka kututazama. Nilisema maneno ambayo sitakuandikia hapa, utayajua ukikua.

Sasa nisikilize. Mimi si mzee. Sina mvi hata moja, na wazee wa kwetu wangeniuliza nimepata wapi ubavu wa kutoa nasaha. Lakini hasira nayo huzeesha, na nitasema kabla haijapoa, maana ikipoa nitaanza kujitetea. Neno lile liliniuma kwa sababu aliyeanza kulitamka hakuwa yule dada wa dirishani. Nilikuwa mimi.

Kwetu, Shinyanga vijijini, kaya yetu ilikuwa na nyumba nne na uwanja mmoja. Baba na baba mdogo Shija walilima pamba shamba moja, ng'ombe wao walilala zizi moja. Sisi watoto tulikuwa kundi, tukigombea michembe ya karanga, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ungo mmoja, na aliyechelewa alilamba vidole. Kusema "yule ni mtoto wa baba mdogo" lilikuwa tusi. Ukilisema mbele ya Bibi, hupewi chakula mpaka uombe radhi. Kaka ni kaka. Hakukuwa na kaka wa karibu na kaka wa mbali, kama vile hakuna mvua ya karibu na mvua ya mbali, ikikunyeshea imekunyeshea.

Masanja alinizidi miaka mitatu. Masika mto wetu ukijaa, alinivusha begani, madaftari yangu kayafunga kichwani kwa shati lake, yeye maji yanamfika kifuani. Akishanifikisha ng'ambo ananiambia, "Haya dada, kasome na ya kwangu." Maana yeye aliacha shule darasa la tano, baba mdogo alipofariki, akashika fimbo ya ng'ombe. Hakuna aliyemlazimisha. Aliamka tu asubuhi moja akaenda zizini badala ya shuleni. Mpaka leo nikisikia harufu ya matope ya mto namwona.

Nilipofaulu kwenda sekondari tukapewa fomu. Kulikuwa na sehemu ya kuandika majina ya kaka na dada. Nikaandika kaka tisa, kwa penseli, Masanja wa kwanza. Jirani yangu wa dawati, binti wa mwenye duka pale senta, akachungulia. "Kaka tisa? Mama yako ni mtu au ni kiwanda?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwanangu, aibu ya msichana wa miaka kumi na minne ni kitu cha hatari. Nikachukua raba. Nikafuta saba, nikabakiza wawili niliozaliwa nao tumbo moja. Masanja nilimfuta wa kwanza, na kwa nguvu.

Fomu ilihitaji muhuri wa mtendaji wa kijiji. Unadhani nani alipanda baiskeli kuipeleka? Darasa la tano linatosha kusoma jina lako mwenyewe, hata likiwa limefutwa, maana penseli huacha mfereji kwenye karatasi. Alirudi jioni, akanikabidhi. "Muhuri huu hapa, dada." Sauti ile ile. Hakula siku ile, akasema tumbo.

Kesho yake Bibi aliniita. Alikuwa anaanika michembe juu ya jiwe, hakuinua uso.

"Mayu," akaniita kama wanawake wote wa kwetu wanavyoitwa, hata wadogo, "Masanja ameniuliza swali. Ameniuliza, 'Bibi, mimi ni nani wa Kabula?' Nimekosa jibu. Nijibu wewe, wewe ndiye msomi."

Nikasema fomu ilitaka ndugu wa kweli.

"Ahaa. Wa kweli." Akageuza vipande viwili vitatu juani. "Basi na ile raba ifute na maji ya mto. Ifute na bega. Ikishindwa, njoo nikupe kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuchunga zamu ya Masanja siku tatu, mimi mtoto wa kike, mwenye kufaulu, watu wote wananiona. Siku ya kwanza ng'ombe wakaniingiza kwenye miiba. Siku ya pili ndama akanipotea, nikalia. Mchana wa siku ya tatu nikamwona anakuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, japo alikatazwa. Akakaa, akanitoa miiba mguuni kwa ncha ya kisu.

"Kaka, nisamehe," nikasema.

"Kunywa maziwa. Hawa ng'ombe hawajui kusoma fomu, na mimi nimeshasahau."

Hakuwa amesahau. Lakini hakulitaja tena, mpaka leo. Niliporudi kwa Bibi sikuulizwa kitu. Aliniambia tu yale ambayo wazee husema: mkataa kwao mtumwa, na udugu ni kufaana, si kufanana. Niliyasikia kwa sikio moja. Majuto ni mjukuu. Yangu yalinisubiri miaka kumi na tano kwenye dirisha la hospitali.

Basi baada ya meza ile kupigwa, mlango wa ndani ukafunguliwa. Daktari akatoa kichwa. "Nani wa Masanja hapa?"

Nikasema, "Mimi." Na nyuma yangu, kwenye benchi, wakasimama wanaume saba wenye matope mpaka kwenye nyusi, wale waliomchimbua kwa mikono. Wakasema, "Mimi." Wote. Kwa pamoja.

Daktari akatutazama mmoja mmoja. "Mmoja aje na kalamu. Wengine waende kutoa damu." Wakaenda saba. Nikasaini.

Mguu ulibaki. Goti halikunjiki tena. Daktari alisema wazi, mtu angesaini saa tatu huenda lingekunjika. Sasa unajua kwa nini mjomba wako anakaa barazani kwetu na mguu ameunyoosha, na kwa nini ukiuruka anasema "Polepole, huo ni mti." Na unajua kwa nini nina hasira: na karatasi, na dirisha, na binti mmoja mwenye raba.

Mwanangu, utaitwa dada na watu wengi. Mwendesha boda atakwambia "dada yangu, panda." Mwenye duka hapa mjini atakuita "ndugu yangu" huku hapunguzi bei hata kidogo. Kanisani utakuwa ndugu katika Kristo, mkutanoni utakuwa ndugu mwananchi, na kijana anayekutaka atajifanya kaka kwanza. Usiwachukie, neno ni lao pia. Ila usiangalie linavyotamkwa. Angalia nani yuko majini, na maji yanamfika wapi. Yule ukimpata, mwandike. Mwandike kwa wino, mbele ya wanaocheka, na akiwa mzima, usingoje mpaka awe kitandani hajitambui. Mungu akupe kaka wa kukuvusha mto, akupe na bega la kuwavusha wengine, na mkono wako usijue raba.

Na hii ndiyo barua niliyoipeleka kwa mkono wiki iliyofuata, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Nakala iko kwenye sanduku la nguo zako.

"Kwa Mganga Mfawidhi. YAH: MALALAMIKO YA NDUGU WA MGONJWA KUKATALIWA KUSAINI. Nilifika saa tatu asubuhi. Nilisaini saa sita na nusu. Saa zote hizo goti la mgonjwa lilikuwa linangoja tujadili matumbo ya mama zetu. Sina ugomvi na mtumishi wenu, alifuata karatasi. Naomba karatasi ibadilishwe. Pasipo na baba, mama wala mke, mkubalini aliyelelewa naye kaya moja. Kama mna shaka, pigeni simu kwa mtendaji wa kijiji chao, anatujua. Naomba nijibiwe kwa maandishi.

Jina la mlalamikaji: Kabula Luhende Maganga.

Jina la mgonjwa: Masanja Shija Maganga.

Uhusiano na mgonjwa: Kaka yangu."