Laptop ya Bibi Ummulbanin

Dada Shahbanu hawezi kukaa. Simsengenyi, ukimuuliza mwenyewe atakujibu akiwa ameshafika jikoni. Nimepanga chumba cha uani kwake, hapa Kinondoni, tangu nilipohamishiwa shule ya hapa kutoka Mbeya, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai kwenye kiti kimoja. Anaianza chai barazani, anaikumbuka akiwa sebuleni, anaikuta imepoa juu ya mashine ya kufulia. Anatengeneza achari za maembe na ndimu za kuuza, na huko nako ni vilevile: huku anakatakata maembe, huku anajibu simu ya mteja, huku ananiuliza kama walimu wameshalipwa. Ukianza kujibu, anakumalizia sentensi, tena siyo uliyotaka kuisema. Mimi nimezoea. Kuna siku natamani kumfunga kamba kwenye stuli.

Anaishi na mama yake, Bibi Ummulbanin. Bibi alipatwa na kiharusi mwaka juzi. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito hata maneno yasisikike, ila akili ikabaki vilevile, kali. Kiswahili anakisikia chote, hata kile cha vijiweni. Shida ni kuandika. Utotoni alisomeshwa Kigujarati katika shule ya jamaa zao, na herufi hizo ndizo anazozijua. Kalamu kwa mkono wa kushoto ikamshinda, inatetemeka.

Ndipo fundi mmoja wa Sinza, anaitwa Gaudens, alipowatengenezea laptop kuukuu. Aliiwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, kwa kuwa mashine yenyewe ilikuwa imechoka, haiwezi mizigo mizito, kisha akabandika stika za herufi za Kigujarati juu ya vitufe. Alitueleza kwamba humo ndani kuna programu ndogo inayosikiliza kila kitufe kinachobonyezwa na kukigeuza kuwa herufi ya Kigujarati. Programu hiyo inajiamsha yenyewe kila Bibi anapofungua akaunti yake. Isipoamka, vitufe vinabaki kuwa a, b, c za kawaida, viwe na stika au visiwe nazo.

Bibi akaanza kusema tena, kwa kidole kimoja. Kidole kinatafuta herufi, kinabonyeza, kinatafuta nyingine, macho yake yako kwenye vitufe muda wote. Siku ya kwanza aliandika kwamba chai ya nyumba hii haina tangawizi. Siku ya pili aliandika kuwa mwalimu Tupokigwe, yaani mimi, amekonda na apewe biriani. Nilimpenda hapohapo.

Sasa, Dada Shahbanu ana kaka yake mkubwa, Alireza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na nyumba mpya Kigamboni. Mtu mpole, mzito wa kusema. Alikuwa anataka kumchukua mama yao akaishi kwake, ambako mkewe, Sakina, anashinda nyumbani. Dada Shahbanu hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Mama ni wake, chumba ni hiki, basi. Wakakubaliana jambo moja tu: Bibi aamue mwenyewe. Bibi aliandika kwamba atafikiri, wamwache hadi Jumamosi.

Jumamosi hiyo asubuhi Dada Shahbanu alikuwa hashikiki. Kafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kabadilisha mapazia. Akaiwasha laptop kwenye akaunti ya Bibi, ili Bhai, kama anavyomwita kaka yake, akifika asisubiri, nayo ikachelewa kuwaka kama kawaida yake. Akaanza kuipapasa huku na huku, akafika kwenye dirisha lenye mstari wa majina ya vitu vinavyojianzisha vyenyewe mtu anapoingia, kila kimoja na tiki yake.

"Tupo, njoo uone!" akaniita. "Kumbe ndiyo maana inajikokota. Wamejaa humu, hata siwajui!"

Kila jina asilolijua akalitoa tiki. Moja lilikuwa im-launch. Nakumbuka kwa sababu aliniuliza ni nini, nikasema sijui, na kabla sijafunga mdomo lilikuwa limeshatoka. Akaizima, akaiwasha. Kweli, ikawaka upesi. Akapiga makofi.

Alireza alifika, akambusu mama yake mkono, akakaa. Nikaagizwa nami nikae, shahidi. Bibi akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko siku yoyote, kidole kinapanda na kushuka, hainui macho. Dada Shahbanu alikwenda jikoni na kurudi, akaenda kufunga geti, akarudi. Bibi alipomaliza akamsogezea mwanawe laptop.

Kwenye skrini hakukuwa na herufi hata moja ya Kigujarati. Kulikuwa na herufi za kizungu zimegandamana, nukta, mabano, koma, mstari baada ya mstari, uchafu mtupu.

Alireza akasoma, au tuseme akajaribu. Akavua miwani.

"Shahbanu," alisema taratibu, "unaona mwenyewe. Mama ndiyo hivyo tena."

"Ndiyo hivyo nini?"

"Akili imeanza kuondoka. Siyo kosa lako."

Bibi alipoiona skrini aliguna kwa sauti ya kutisha, akatikisa kichwa, akaipiga meza kwa ule mkono mzima. Akaipiga tena. Mungu anisamehe, nami kwa dakika ile nilimwona kama mtu aliyerukwa na akili, na kadiri alivyopiga meza ndivyo alivyozidi kufanana na maneno ya mwanawe. Sijui kama kuna dhuluma mbaya kuliko hiyo, mtu mwenye akili zake kuonekana kichaa kwa sababu anakataa kuitwa kichaa.

Dada Shahbanu akainyakua laptop. "Ni mashine hii! Subiri, subiri!" Akaizima, akaiwasha upya. Maneno yote ya Bibi yakaenda na maji, maana hayakuhifadhiwa. Ikawaka upesi vilevile, na uchafu ukawa uleule.

"Jumatatu nitakuja na gari," Alireza akasema. "Nitamtafutia na daktari." Alikuwa na machozi, na hilo lilimkasirisha dada yake zaidi ya maneno.

Baada ya kaka kuondoka tulijaribu njia nyingine. Nilishauri Bibi aoneshe herufi kwa kidole, moja moja, binti yake azisome. Bibi akakubali. Akaonesha ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Maji! Unataka maji?"

Bibi akatikisa kichwa. Akaanza upya.

"Dawa? Mama, dawa umeshameza. Mgongo? Mgongo unauma?"

Nilimshika bega nikamwambia, "Dada, mwache amalize." Akasema anamwacha, na neno lililofuata akalidaka tena njiani. Bibi akaurudisha mkono wake mapajani, akageukia ukutani. Hakuvigusa tena vitufe vile siku nzima.

Gaudens alikuwa Bukoba kwenye msiba, simu inakatikakatika. Alichosema ni kifupi: ifute hiyo programu ya kuandikia, kisha iinstoli upya. Dada Shahbanu akafuta, akainstoli. Akaingia kwenye akaunti ya mama yake, akabonyeza: uchafu. Akarudia. Bando likaisha, akaninyang'anya simu yangu akatumia langu. Uchafu. Jumapili asubuhi nilimkuta anazunguka meza ya chakula akiisemesha laptop kwa Kikachi, lugha yao ya nyumbani, na sikuhitaji mkalimani kujua kwamba ni matusi.

"Hatamchukua," aliniambia. "Hawezi kumchukua mama yangu kwa kumwita punguani. Kama anakwenda aende kwa kutaka, siyo hivi."

Katikati ya hayo akakumbuka kuwa kuna mteja wa Mikocheni anangoja achari, na chupa hazina lebo. Hapo ndipo ninapomshangaa mtu huyu. Dunia inaungua, yeye anachapa lebo. Akaifunga akaunti ya mama yake, akafungua ya kwake, maana laptop ni hiyo hiyo. Akaanza kuandika "Achari ya ndimu". Kwa haraka zake vidole vikagusa pamoja vitufe viwili vya kubadili lugha, na mbele ya macho yetu neno la ndimu likatoka kwa herufi za Kigujarati.

Alipiga ukelele hadi paka akaruka dirishani.

"Tupo! Huku inafanya kazi!"

"Mashine ni moja," nikasema.

"Mashine moja, programu moja. Kwangu inaamka. Kwa mama haiamki."

Akakaa sakafuni. Namwambia msomaji ukweli, ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa bila kushika kitu kingine. Akasoma. Akasoma maelezo ya watu mtandaoni, mengine akanipa nimfafanulie Kiingereza chake, tukaenda mstari kwa mstari, na kidogokidogo tukaelewa. Ndani ya mashine kuna sehemu mbili za kuandikia vitu vinavyojianzisha. Moja ni ya nyumba nzima, inasema programu hii iamke kwa kila mtu. Nyingine iko ndani ya folda ya kila mtumiaji, tuseme chumbani kwake. Mashine ikikuta faili la jina lilelile chumbani kwako, inalisikiliza la chumbani na kuliacha la nyumba. Dada Shahbanu alipotoa tiki hakuwa amefuta kitu. Mashine iliandika faili dogo chumbani kwa Bibi, lenye jina lilelile la im-launch, na ndani yake mstari wa Kiingereza unaosema kifichwe, kisha alama ya sawasawa, kisha neno kweli. Basi kila Bibi alipoingia, mashine ilikuta agizo hilo, ikatii.

"Ndiyo maana kuinstoli hakukusaidia," nikasema. "Tulikuwa tunatengeneza ile ya nyumba. Katazo liko chumbani."

Alilitafuta faili lile, akaliona, akalitazama. "Mie ndiye niliyemnyamazisha," alisema. "Yeye mzima, programu nzima. Mie tu." Akalifuta. Akatoka kwenye akaunti, akaingia upya kwa jina la mama yake. Pembeni ya skrini alama ya Kigujarati ikajitokeza. Akabonyeza kitufe chenye stika ya kwanza, na herufi iliyotoka ilikuwa ya stika ile ile.

Tulipompelekea Bibi, aliitazama, akaandika neno moja, akaigeuzia kwetu. Dada Shahbanu akacheka huku analia. "Anasema mjinga."

"Mwandikie Bhai sasa hivi, Ma. Mwambie hutaki kwenda. Tuipige picha tumtumie!"

Bibi akafunga laptop. Kesho, akaonesha kwa mkono.

Jumatatu Alireza alikuja na gari, na Sakina nyuma na mito. Dada Shahbanu aliwapokea getini kama mshindi. Kamweleza kaka yake mambo ya faili la chumbani na la nyumba kwa kasi ambayo hata mimi niliyekuwepo nilipotea. Kaka akasikiliza kwa adabu ya mtu asiyeamini. Kisha Bibi akafungua laptop na kuanza kuandika, nasi tukangoja. Alireza akapiga magoti kando yake, akawa anasoma kwa sauti kila sentensi inapotimia, na kunitafsiria mimi kwa Kiswahili.

"Akili yangu ni nzima. Ukinifanya kichaa tena, Alireza, nitakuchapa, mkono mmoja unatosha."

Alireza akainamisha kichwa kwenye magoti ya mama yake. Dada Shahbanu alikuwa ameshasimama. "Nilikwambia! Sikukwambia? Ngoja nilete chai, kaeni, leo mnakula hapa..." Akaelekea jikoni.

Bibi akaipiga meza. Dada Shahbanu akageuka akiwa mlangoni. Kidole kikaendelea, na Alireza akainua uso kusoma, na sauti yake ikabadilika.

"Nitakwenda kwako."

Kidole kikatafuta herufi nyingine.

"Jumamosi niliandika hivyohivyo. Shahbanu ananitunza vizuri. Ananilisha, ananiogesha, nguo zangu safi. Lakini hakai. Akiingia chumbani ameshatoka. Siku nzima namsikia anapita. Sakina hajui kupika, ila anakaa."

Sakina akaangalia chini. Dada Shahbanu alikuwa amesimama palepale mlangoni, bila sinia wala kitambaa mkononi. Nilingoja amalizie ile sentensi kwa niaba ya mama yake, kama anavyotumalizia wote. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaenda kupanga nguo za Bibi kwenye begi, na zile kanga alizipanga vizuri sana.

Waliondoka mchana na laptop yao, wakapitia daraja la Kigamboni. Mimi nilikuwa na kipindi cha jioni, nikarudi wakati jua limeshapungua. Hapakuwa na harufu ya ndimu, redio imezimwa, simu ya Dada Shahbanu inaita peke yake jikoni, ya mteja bila shaka. Nikamkuta chumbani kwa Bibi, kwenye kiti cha pembeni ya kitanda kile kilichotandikwa upya.

"Simu inaita, dada," nikamwambia.

"Iache."

"Unafanya nini humu?"

"Nimekaa tu," alisema. "Ni rahisi hivi, Tupo. Ni kukaa tu."