Jumapili ya Verlene

Elzie Tarpley alisema neno kabla ya kulifikiria, na neno likishatoka halirudi.

Ilikuwa kwenye ngazi za kanisa, baada ya ibada. Dada Maurine Pettigrew, msimamizi wa maua ya madhabahuni, alimsimamisha akiwa na karatasi mkononi. Karatasi ile ilikuwa na majina ya kina mama, kila mmoja na Jumapili yake.

"Ndugu Elzie, Jumapili ijayo ni ya kwanza ya Februari. Ilikuwa ya Verlene. Wala usijisumbue, baba. Tutaweka ya plastiki."

"Ya plastiki? Kwenye meza ya Verlene?"

"Sasa tufanyeje? Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo."

"Lake lipo," Elzie akasema. "Nitaleta mimi."

Kina mama waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko.

"Wewe? Si wewe uliyefyeka waridi za mkeo ukadhani magugu?"

"Zilikuwa na miiba," Elzie akajibu, akashuka ngazi.

Tangu hapo hakutulia. Mkewe Verlene alizikwa Oktoba, pamba ikiwa bado shambani, na tangu Oktoba kiti hakikukalika kwa Elzie. Akikaa, anainuka. Akiinuka, hajui aliinukia nini. Lakini sasa kulikuwa na jambo la kumhangaisha kweli, na siku zilikuwa sita. Meza ya Verlene ikikaa tupu, au ikikaa na plastiki, basi ndiyo wamemfuta. Karatasi ya Maurine ilikuwa mahali pa mwisho ambapo jina lake lilikuwa bado na kazi.

Verlene mwenyewe ndiye aliyeichagua Jumapili ile, kwa sababu hakuna aliyeitaka. Aprili wote wanagombea. Februari huku kwenye vilima vya Mississippi hakuna kitu ila matope na mbwa wenye baridi. Lakini kila mwaka, miaka arobaini na mmoja, meza ilikuwa nyekundu. Elzie aliiona, akaimba wimbo, akaenda nyumbani kula kuku. Hakuuliza hata siku moja.

Jumatatu akaingia kwenye pikapu yake, akaendesha polepole kando ya mitaro. Jumanne vilevile. Shemeji yake, Otha Crump, kaka wa marehemu, alikuwa uani kwake akinoa msumeno. Akamwona Elzie amesimamisha gari, ameinama mtaroni.

"Shemeji! Umepoteza meno huko?"

"Natafuta maua."

Otha akaweka msumeno chini. "Maua? Februari? Tafuta na samaki juu ya mti, utarudi na vyote viwili."

"Dada yako aliyapata."

"Dada yangu alikuwa na macho. Wewe una kofia tu."

"Alikuwa anayatoa wapi?"

"Mimi nijue? Mimi nilikuwa nasinzia kanisani kama wewe."

Elzie akaondoka bila kuaga. Akaenda hadi bondeni, penye kijito. Akasimamisha gari, maana njia ilikuwa na maji, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akatazama. Miti ya bondeni haikuwa na majani, lakini juu ya vilele kulikuwa na wekundu mwembamba, kama moshi wa moto wa mbali. Vilikuwa vichipukizi. Chini yake kulikuwa na mti mmoja ambao haukuwa umeangusha majani yake ya mwaka jana. Yalikuwa meupe-meupe, makavu, yanachezeshwa na upepo. Nyasi za ukingoni zilikuwa rangi ya mkate wa mahindi. Miaka hamsini alipita hapa kwenda kwenye kiwanda cha mbao, na hakuona kitu.

Ikamkera. Ikamkera kwamba ni pazuri, na kwamba anaona sasa. Akapiga usukani kwa kiganja, akageuza gari kwa fujo, nusura atumbukie.

Jumatano asubuhi alipika mayai, hakuyala. Akazunguka jikoni. Akatoka, akarudi. Akaenda kuwasha hita ya gesi sebuleni, na alipopita nyuma yake kuufikia ufunguo wa gesi, mguu wake wa kushoto ukakwepa.

Akasimama.

Pale palikuwa patupu. Sakafu tu. Lakini mguu ulikwepa wenyewe, kama punda anayejua shimo lilipo.

Akarudi nyuma, akapita tena. Ukakwepa tena.

Ndoo! Kila Januari palikuwa na ndoo pale, ya bati, na ndani yake vijiti vikavu. Kila Januari aliipiga teke na kulalama, "Mwanamke, hizi kuni zako zitaniua," na Verlene, bila kuinua macho kwenye sindano yake, alijibu, "Pita pembeni, Elzie." Naye akapita pembeni. Akidhani kuni. Siku moja vijiti havipo, na wala hakuuliza vimeenda wapi.

Vijiti vile vilikuwa na miiba, na kichaka cha miiba alikijua kimoja tu. Akachukua mkasi wa bustani, hakuchukua hata koti.

Nyumba ya mama yao kina Verlene ilibomoka zamani. Limebaki dohani la matofali katikati ya shamba, na kando yake kichaka cha miiba, kimejisokota kama waya. Watu wa pale hukiita kijiti kiwakacho, kwa ajili ya Musa, maana kikitoa maua Machi ni chekundu kabla ya jani lolote. Sasa kilikuwa kikavu, cheusi. Elzie akakizunguka mara mbili. Halafu akaona.

Matawi yalikuwa na makovu. Kila kovu lilikatwa mshazari, vizuri, juu kidogo ya jicho la tawi. Moja bado jeupe kwa ndani, la mwaka jana. Jingine la kijivu. Mengine yalikwishavimba na kufunikwa na ganda. Alikuwa anasoma kwa shida hata jina lake, lakini hili alilisoma. Akapitisha kidole kwenye makovu yale hadi mwiba ukamchoma.

Akakata chini ya kila moja, mshazari.

Nyumbani akapiga simu. "Dada Maurine. Verlene alikuwa anakata lini vile vijiti?"

"Vijiti gani? Ah! Vya kijiti kiwakacho. Wiki tatu kabla, Ndugu Elzie. Vinataka maji ya uvuguvugu na wiki tatu. Leo ni Jumatano!"

"Najua leo ni nini."

"Basi niweke ya plastiki karibu?"

Akakata simu.

Akajaza ndoo maji ya uvuguvugu, akaiweka nyuma ya hita. Saa moja baadaye akaihamishia dirishani penye jua. Kisha karibu na jiko. Akabadilisha maji. Akarudisha nyuma ya hita. Alhamisi Otha akaja na bakuli la sukuma wiki alilotumwa na mkewe, akamkuta shemeji yake anatembea na ndoo mikononi kama anambembeleza mtoto.

"Mpe ziwa anyonye," Otha akasema.

"Kaa kimya."

Otha akainama, akatazama vijiti muda mrefu. Sauti yake ikabadilika. "Hiki ni kichaka cha Mama. Alikipanda mwaka niliozaliwa." Akaweka bakuli mezani. "Vimevimba kidogo, shemeji. Hapa, ona. Kama kichwa cha kiberiti."

Jumamosi jioni vilikuwa bado vichwa vya viberiti. Vyekundu kwenye ncha, lakini vimefumba.

Jumapili Elzie aliingia kanisani kabla ya kengele, amevaa suti ya mazishi, maana ndiyo iliyokuwa safi. Akaweka ndoo ya bati juu ya meza nyeupe, mbele ya msalaba. Vijiti vya miiba kumi na vinne, hakuna ua hata moja. Mama mmoja kwenye safu ya pili akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Jamani, leo tunaota moto?" Wenzake wakaficha midomo kwa pepeo za mkono.

Maurine alikuwa ameketi mbele, na mfuko wa nailoni miguuni. Ua la plastiki lilichungulia. Akainuka, akaenda mezani, akainama karibu hadi miwani yake ikakaribia kuchomwa. Elzie alisimama kando, anakunja kofia.

"Vimebakiza siku ngapi?" Elzie akauliza taratibu.

"Tatu. Labda nne."

Maurine akarudi kukaa. Akausukuma mfuko kwa kisigino hadi chini kabisa ya benchi.

Mchungaji alihubiri. Elzie hakusikia hata neno. Alikaa ukingoni mwa benchi, goti linacheza, macho kwenye vijiti, kana kwamba vingefumbuka kwa kutazamwa. Havikufumbuka.

Baada ya ibada Maurine alimfuata na karatasi na kalamu. "Jumapili ijayo ni ya Dada Ernestine, lakini ndoo yako itakaa pembeni ya kinanda. Na mwakani? Nifute hapa niandike Elzie?"

"Usifute kitu."

"Sasa nani ataleta?"

"Maua ni ya Verlene. Mimi mchukuzi tu. Nitakata Januari."

Maurine akafunika kalamu.

Jumatatu Elzie alikwenda kanisani kutazama. Jumanne alikwenda mara mbili, mtunza ufunguo akamwambia ahamie kabisa. Jumatano, kabla watu wa maombi hawajafika, akafungua mlango, na kabla ya kufika kwenye kinanda akaona. Yalikuwa matatu. Mekundu, madogo, yamekaa moja kwa moja kwenye mti mkavu, bila jani. Akavua kofia. Akaketi kwenye benchi la kwanza, akakaa hadi Maurine alipoingia na wengine. Hakuinuka hata mara moja.

Ndoo aliirudisha nyumbani maua yalipokwisha kupukutika, mwisho wa mwezi. Akaiosha, akaikausha. Ilikuwa na mahali pake kwenye banda la vifaa, kwenye msumari. Akaibeba hadi mlangoni mwa banda, akasimama kidogo, akarudi nayo ndani.

Akaiweka nyuma ya hita, tupu. Kisha akapita kwenda kuzima gesi, na mguu wake ukapita pembeni.