Mzee Aliyenifuata Msituni

Tulipofika kilomita ya sita ya mbio za msituni nilikuwa wa mwisho, na mbele yangu hata vishindo vya wenzangu vilikuwa vimepotea. Nina miaka arobaini na sita, nafundisha darasa la kwanza, na mazoezi yangu yote yalikuwa kupanda kilima cha kutoka shuleni hadi nyumbani. Nilijiandikisha kwa sababu mbio zile zilikuwa za kuchangia nyumba ya kusubiria wajawazito karibu na zahanati yetu. Wanawake wa bondeni hupandisha mlima nusu siku, siku zao zikiwa zimekaribia. Mimi mwenyewe, mimba yangu ya kwanza, nilisubiri nyumbani kwa watu karibu na zahanati. Binti yao alinipisha kitandani, akalala chini wiki mbili.

Nyuma yangu alikuwapo mzee mmoja aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa, redio ya mawasiliano ikining'inia kifuani. Kazi yake ilikuwa kumfuata mkimbiaji wa mwisho ili asipotee mtu. Alikuwa amefanya vibarua katika msitu ule tangu ujana wake.

"Shikamoo baba. Pita tu, mimi nitafika," nilimwambia, kwa kuwa niliona aibu.

"Marahaba. Nikikupita, mwalimu, nani atajua uko wapi?"

Basi tukaenda. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vigogo, njia ni utelezi mtupu, na penye mteremko nilishikilia mizizi kwa mikono miwili. Alinionyesha kinyonga mdogo kama kidole, akasimulia kwa Kishambaa jinsi mama yake alivyowakataza wao watoto kugusa vinyonga. Nilicheka, pumzi ikanikatika, akanisubiri bila kuangalia saa. Aibu ikaniisha. Nikawa nafurahia kuwa naye.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea kijito nikasikia kishindo. Nilipogeuka, alikuwa amekaa kwenye tope, mguu mmoja umekunjwa vibaya.

"Si kitu," alisema. Lakini alipojaribu kusimama, uso wake ulibadilika. Nilipandisha suruali yake. Goti lilikuwa limeanza kuvimba, na juu yake kulikuwa kumefungwa kitambaa kilichochakaa. Hakikuwa kitambaa cha siku ile. Goti lilikuwa linamsumbua siku nyingi.

"Waite wenye mbio kwenye redio," nikasema.

"Hapana. Wakijua, mwakani watatafuta kijana."

"Baba, huwezi kutembea."

"Nitatembea. Tafadhali, mwalimu. Usiseme."

Nilifungua kanga niliyojifunga kiunoni, nikalizungushia lile goti na kukaza. Akaegemea bega langu, tukaenda hatua kama ishirini. Ule mguu haukukanyaga tena. Nikamkalisha kwenye gogo, na kabla hajanizuia nikaichukua redio kifuani mwake nikabonyeza.

"Mzee wa nyuma ameumia goti. Tuko karibu na kijito. Hawezi kushuka peke yake."

Sauti ikauliza, "Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mkimbiaji wa mwisho."

Nilipomrudishia redio hakuipokea. Alitazama pembeni. Nilitamani anigombeze. Tulikaa hivyo, ukungu ukitulowesha, mpaka vijana wanne wakapanda na machela. Walipomwinua alinisemesha mara moja tu, tena kwa sauti ya kawaida: "Fuata utepe mwekundu. Penye njia panda shika kulia."

Nilimaliza peke yangu. Kwenye uwanja wa Malindi, Malindi yetu ya huku milimani, mbio zilipoishia, mahema yalikuwa yanakunjwa, lakini akina mama wa kwaya yetu walikuwa hawajaondoka. Walinipigia vigelegele kana kwamba nimeshinda. Nikalia, na kila mtu akadhani ni furaha.

Baada ya wiki mbili nilienda kwa yule mzee nikiwa na mkungu wa ndizi. Mke wake alinikaribisha vizuri. Yeye alikuwa nje juani, mguu kwenye kigoda. Daktari alikuwa amemkataza milima.

"Nimekuja kuomba radhi, baba," nikasema. "Uliniomba nisiseme, nikasema."

"Nilikukasirikia sana," akajibu. "Si kwa ajili ya goti. Ulinisemea kama mtoto, na mimi nipo, nakusikia."

Alikuwa na haki, na bado ningeibonyeza ile redio tena. Nikamwambia hivyo hivyo. Alinitazama, kisha akamwita mkewe alete chai.

Zile mbio zilirudi mwaka uliofuata. Nyumba ya wajawazito ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Nyuma ya wakimbiaji waliweka kijana, kama mzee alivyohofia. Yeye walimpa meza ya maji pale njia inapotoka msituni, na nilisikia alikataa mara mbili kabla ya kukubali. Nilipofika mezani, safari hii watu watatu wakiwa nyuma yangu, alinimiminia kikombe na kuniuliza huko juu hali ikoje. Nikamweleza kila kitu: mti ulioanguka njiani, kijito kilivyojaa, mbega niliowaona. Aliuliza maswali mengi. Wale watatu wakanipita tukiwa bado tunaongea.